Washington, Cooper, Bethune au Clark: Tusome Maisha ya Nani Kwanza?

Mwalimu anayetaka kuwasomesha wanafunzi wake historia ya elimu ya Wamarekani Weusi hukabiliwa mapema na tatizo la wingi. Walioanzisha shule katika miaka mia moja iliyofuata kukomeshwa kwa utumwa ni wengi, na karibu kila mmoja ana simulizi la kujaza muhula mzima, kwa hiyo mwenye vipindi vinane au kumi hana budi kuchagua. Mara nyingi uchaguzi huo hufuata umaarufu: jina linalotajwa zaidi hupewa nafasi, na mengine hubaki kuwa orodha ya kukaririwa kwa ajili ya mtihani. Naandika ulinganisho huu kwa sababu wanne ninaowaleta hapa walitofautiana kiasi kwamba kumsoma mmoja badala ya mwingine ni kufundisha somo jingine kabisa.

Wanne hao ni Booker T. Washington, Anna Julia Cooper, Mary McLeod Bethune na Septima Clark. Wapo wengine wanaostahili, kama Fanny Jackson Coppin, aliyeongoza shule ya vijana weusi mjini Philadelphia kuanzia 1869 hadi 1902, au Lucy Craft Laney wa Augusta, Georgia, ambaye Bethune mwenyewe alifundisha chini yake. Nimewaacha kwa kuwa maswali wanayoyaibua yamo pia katika maisha ya hawa wanne. Msimamo wangu nauweka wazi tangu mwanzo: mwenye nafasi ya kusoma maisha ya mtu mmoja tu, amchague Septima Clark, ingawa huku kwetu ndiye asiyejulikana sana kati yao. Zipo hali ambazo mwingine atafaa zaidi, nami nitazitaja kila nitakapozifikia.

Walikoanzia

Bila kujua sheria zilivyokuwa, ujasiri wa watu hawa hauonekani vizuri. South Carolina ilikataza kumfundisha mtumwa kuandika tangu 1740, na North Carolina ikapitisha mwaka 1830 sheria ya kukataza kumfundisha mtumwa kusoma na kuandika. Vita vya wenyewe kwa wenyewe vilipokwisha mwaka 1865, watu milioni nne hivi walikuwa wametoka utumwani, wengi wao wakiwa hawajawahi kuruhusiwa kugusa kitabu.

Washington alizaliwa mtumwa huko Virginia mwaka 1856, na Cooper akazaliwa mtumwa mjini Raleigh, North Carolina, mwaka 1858. Tofauti ya umri wao ni miaka miwili, na hali waliyozaliwa nayo ni ile ile, lakini walifikia majibu yanayopingana kuhusu aina ya elimu inayomfaa mtu aliyetoka utumwani. Bethune alizaliwa huru mwaka 1875 karibu na Mayesville, South Carolina, mtoto wa 15 kati ya 17 wa wazazi waliokuwa watumwa. Clark alizaliwa mjini Charleston mwaka 1898, binti wa baba aliyezaliwa utumwani, na mama aliyepata sehemu ya malezi yake Haiti na kujivunia sana kwamba yeye hakuwahi kuwa mtumwa wa mtu. Kwa hiyo tukiwasoma kwa kufuatana, tunaiona kazi moja ikipokewa na vizazi vitatu, na kila kizazi kikikuta mlango ambao kilichotangulia hakikuweza kuufungua, au hakikutaka kuugusa.

Washington: shule iliyojengwa kwa mikono ya wanafunzi

Simulizi la Washington ni rahisi kuliko yote kufundisha, kwa sababu limejaa matukio ambayo mtoto hayasahau. Baada ya kufanya kazi katika matanuru ya chumvi na machimbo ya makaa ya mawe huko West Virginia, alisafiri mwaka 1872 kiasi cha kilomita 800, sehemu ya njia kwa miguu, kwenda kuomba nafasi katika shule ya weusi ya Hampton, Virginia. Alifika mchafu na mwenye njaa, akiwa na senti 50. Mwalimu mkuu wa kike hakumpa karatasi ya mtihani, bali ufagio, akamwambia asafishe darasa. Washington alikifagia chumba mara tatu na kukipangusa vumbi mara nne. Yule mwalimu akapitisha leso yake mezani na ukutani, asipate hata chembe ya vumbi, naye akapokewa.

Tarehe 4 Julai 1881 alifungua shule ya Tuskegee, Alabama, akiwa na wanafunzi 30 katika kibanda kilichochakaa jirani na kanisa. Serikali ya jimbo ilitoa dola 2,000 kwa mwaka za mishahara ya walimu, lakini haikutoa kiwanja wala jengo. Mvua iliponyesha, mwanafunzi mmoja mkubwa aliacha masomo yake akasimama kumshikia mwalimu mwavuli, huku wengine wakiendelea kujibu maswali.

Kisa cha matofali ndicho ningependa kila mwalimu wa shule ya ufundi akisome polepole. Washington aliamua kwamba wanafunzi watajenga majengo yao wenyewe, na watafyatua matofali yao wenyewe, ingawa hakuna hata mmoja shuleni aliyekuwa na uzoefu wa kazi hiyo. Walisimama ndani ya shimo la udongo, matope yakiwafika magotini, na baadhi ya wanafunzi wakakimbia shule kwa sababu hawakuja kusoma ili warudishwe kwenye matope. Tanuru la kwanza liliharibika, la pili likaharibika, na la tatu likaporomoka usiku wakati uchomaji ulikuwa karibu kumalizika. Fedha zilikuwa zimekwisha, na walimu wenzake wakamshauri aache. Washington akaenda Montgomery na saa yake, akaiweka rehani kwa dola 15, akarudi na kuwasha tanuru la nne, nalo likafanikiwa. Muda wa rehani ulipita kabla hajapata fedha za kuikomboa saa, nayo ikapotea moja kwa moja, lakini yeye alisema hakuwahi kuijutia. Wazungu wa jirani wasioipenda shule hiyo walianza kufika kununua matofali kwa sababu yalikuwa mazuri, na hapo Washington aliona uthibitisho wa imani yake: mtu mweusi akitengeneza kitu ambacho jirani yake anakihitaji, chuki itapungua yenyewe.

Udhaifu wake uko katika imani hiyo hiyo. Mwezi Septemba 1895 alihutubia umati mjini Atlanta, akasema kwamba katika mambo yote ya kijamii weupe na weusi wanaweza kutengana kama vidole, na kuwa kitu kimoja kama mkono katika yale ya maendeleo ya pamoja. Aliwashauri watu wake waanze na kazi na ujuzi, madai ya haki yangefuata. Matajiri wa Kaskazini walifurahi, na michango ikamiminika. Lakini mwaka uliofuata Mahakama Kuu ya Marekani ilihalalisha utengano wa rangi, na mwaka 1901 Alabama, jimbo lenye Tuskegee yenyewe, ikaandika katiba mpya iliyowaondolea weusi karibu wote haki ya kupiga kura. Msomi mweusi W. E. B. Du Bois alimkosoa hadharani mwaka 1903 kwa kuuza haki za raia ili apate shule, na kwa sehemu kubwa naona ukosoaji huo ni wa haki. Hata hivyo mwalimu asimfundishe Washington kama kibaraka, kwa maana ilikuja kujulikana kwamba aligharimia kwa siri kesi za kupinga sheria zile zile za kuwanyima weusi kura. Alikuwa mtu mwenye nyuso mbili kwa lazima ya mahali alipoishi, na wanafunzi wa sekondari wanaweza kabisa kulijadili jambo hilo bila kupewa jibu rahisi.

Kwa msomaji wa Afrika Mashariki kuna sababu ya pekee ya kumjua. Mwaka 1907 Anna T. Jeanes, mwanamke tajiri wa Philadelphia, alitoa dola milioni moja kwa ajili ya shule ndogo za weusi vijijini, na Washington alikuwa mmoja wa waliokabidhiwa kazi ya kuzisimamia fedha hizo. Mwalimu wa kwanza wa mfuko huo alikuwa Virginia Randolph wa Henrico, Virginia, aliyezunguka shule hadi shule akiwasaidia walimu wenzake. Mwaka 1924 tume ya Phelps-Stokes, mfuko wa hisani wa Marekani, ambayo James Aggrey kutoka Gold Coast (Ghana ya leo) alikuwa mjumbe wake, ilizuru nchi zetu na kupendekeza elimu ya mfano wa Hampton na Tuskegee, na mwaka 1925 ikafunguliwa Kabete, karibu na Nairobi, shule ya walimu iliyopewa jina la Jeanes. Kwa hiyo mzee wetu aliyefundishwa useremala na kilimo akaambiwa kwamba elimu ya vitabu si yake, alikuwa anaisikia hotuba ya Atlanta kwa sauti ya mkoloni. Nadhani hii ni sababu ya kumsoma Washington kwa makini, na pia ni sababu ya kutomsoma peke yake.

Anayemchagua Washington ajue kwamba kitabu chake cha maisha, kilichotoka mwaka 1901, kilisomwa sana na watu aliowaomba michango, na mambo mengi machungu yamelainishwa humo. Lugha yake ni nyepesi, na mwanafunzi wa kidato cha tatu mwenye Kiingereza cha wastani ataimudu.

Cooper: Kigiriki, hisabati na Sorbonne

Cooper ndiye jibu la Washington, ingawa hakuwa na jukwaa kubwa kama lake. Aliingia akiwa mtoto katika shule ya Mtakatifu Augustine mjini Raleigh, iliyofunguliwa kwa ajili ya watu waliotoka utumwani, na alipofika darasa la Kigiriki akaambiwa kwamba somo hilo ni la wanaume wanaojiandaa kuwa wachungaji. Hakukubali, na akaruhusiwa. Aliolewa mwaka 1877, akafiwa na mume baada ya miaka miwili, na hakuolewa tena. Mwaka 1884 alihitimu hisabati katika chuo cha Oberlin, Ohio, baada ya kufuata mtaala uliokuwa ukiitwa wa wanaume.

Kitabu chake cha mwaka 1892 kilisema jambo ambalo wanaume wa pande zote mbili za ubishi hawakuwa wamelisema: kwamba hali ya mwanamke mweusi ndiyo kipimo cha hali ya watu wake wote, na kwamba mahali anapoingia yeye kwa heshima yake kamili, bila vurugu na bila ufadhili wa pekee, ndipo watu wake wote wanapoingia pamoja naye. Nimewahi kuona wasichana wa kidato cha tano wakiyajadili maneno hayo kwa saa nzima bila mwalimu kuongeza neno.

Hata hivyo, kwa mwalimu anayetafuta mfano wa kazi, sehemu bora ya maisha yake ni shule ya sekondari ya M Street mjini Washington, ambayo aliiongoza kuanzia 1902. Wakati uongozi wa elimu wa weupe ulipotaka shule za weusi zielekee zaidi kwenye ufundi, Cooper aliendelea kuwaandaa wanafunzi wake kwa vyuo vikuu, nao walipokewa Harvard na vyuo vingine vya hadhi hiyo. Shule ya weusi iliyowapeleka watoto Harvard ilikuwa inakanusha kwa vitendo hoja nzima ya utengano. Mgogoro ukaibuka, tuhuma zikatolewa kuhusu nidhamu na uwezo wake, na mwaka 1906 akaondolewa. Alikwenda kufundisha Missouri, kisha mwaka 1910 akarudi M Street kama mwalimu wa kawaida, chini ya wakuu wengine, katika shule aliyokuwa ameiongoza. Kila ninapofika hapo husimama kidogo, maana sijui ni wangapi kati yetu tungeweza kurudi.

Aliendelea kufundisha huku akilea watoto watano wa jamaa yake, na huku akisomea shahada ya uzamivu. Mwaka 1925, akiwa na umri wa miaka 66, aliitetea tasnifu yake katika chuo kikuu cha Sorbonne, Paris, iliyoandikwa kwa Kifaransa kuhusu msimamo wa Ufaransa juu ya utumwa wakati wa mapinduzi yake. Mtu aliyezaliwa akiwa mali ya mtu mwingine alisimama mbele ya maprofesa wa Paris kuwaeleza walivyoitenda habari ya utumwa. Mwaka 1930 alianza kuongoza Frelinghuysen, chuo cha jioni cha watu wazima wenye kazi za mchana, na hatimaye madarasa yalifanyika nyumbani kwake. Alifariki Februari 1964 akiwa na miaka 105.

Cooper namshauri kwa shule za wasichana, kwa vikundi vya mdahalo, na kwa yeyote anayefundisha mahali ambapo wakubwa wameamua mapema kwamba watoto wale hawafiki mbali. Ugumu wake ni mmoja na ni wa kweli: maandishi yake ni ya karne ya 19, sentensi ni ndefu zenye rejea nyingi, na mwalimu atalazimika kuchagua kurasa chache na kuzifafanua. Mwenye mihula miwili anaweza kuwasoma Washington na Cooper kwa kufuatana, muhula mmoja kila mmoja, na darasa litajikuta lina mjadala bila kulazimishwa.

Bethune: dola moja na nusu

Bethune aliwahi kutaka kuja Afrika kama mmisionari. Alisomea kazi hiyo Chicago, akaomba, na bodi ya kanisa lake ikamjibu kwamba haina nafasi kwa mmisionari mweusi. Alisema baadaye kwamba lile lilikuwa sikitiko kubwa kuliko yote ya maisha yake, kisha akatambua kwamba Waafrika wa Marekani walimhitaji vile vile.

Oktoba 1904 alifungua shule ya wasichana huko Daytona, Florida, akiwa na dola 1.50 kwa maelezo yake mwenyewe, wasichana watano, na mwanawe mdogo Albert. Makreti yaligeuzwa madawati, vijiti vilivyoungua vikawa kalamu, na wino ulikamuliwa kutoka katika matunda ya mwituni. Alioka mikate tamu ya viazi vitamu na kuwauzia wajenzi wa reli na watalii. Eneo alilolinunua baadaye lilikuwa jalala la mji, na malipo ya kwanza yalikuwa dola 5. Daytona ilikuwa mji wa mapumziko wa matajiri wa Kaskazini, naye alifahamu fika maana yake, kwa hiyo aliwaendea mmoja mmoja, akiwemo James Gamble wa kampuni ya sabuni ya Procter & Gamble, ambaye alikuja kuwa mwenyekiti wa wadhamini wa shule.

Hapa ulinganisho na Washington unakuwa mzuri sana, kwa sababu wote wawili waliishi kwa michango ya matajiri weupe na wote wawili walifundisha kazi za mikono. Bethune hakulipa bei ile ile. Mwanafunzi wake alipougua na kulazwa kwenye baraza ya nyuma ya hospitali ya weupe, alianzisha hospitali yake mwaka 1911. Wanawake walipopata haki ya kura mwaka 1920, aliwaandaa weusi wa Daytona kujiandikisha, na Ku Klux Klan, kundi la weupe lililowatisha na kuwaua weusi, walipofika shuleni usiku kumtisha hakurudi nyuma. Mwaka 1923 shule yake iliungana na taasisi ya Cookman, na ikakua hadi kuwa chuo kinachojulikana leo kama Bethune-Cookman. Mwaka 1935 aliunda Baraza la Kitaifa la Wanawake Weusi, na mwaka 1936 Rais Franklin Roosevelt akamwingiza katika idara ya vijana, ambako alisimamia kitengo cha vijana weusi. Alifariki 1955, na tangu 2022 sanamu yake inasimama katika ukumbi wa Bunge la Marekani kwa niaba ya Florida, jimbo ambalo zamani lilimtaka asipige kura.

Wanaoanzisha shule, wasimamizi wa vituo vya watoto, na kina mama wanaoendesha shule za awali kwa ada za kuungaunga watapata kwake zaidi ya faraja: watapata mbinu ya kuomba bila kujishusha. Anafaa pia kwa watoto wa shule ya msingi. Kwa wakubwa, tahadhari moja: simulizi lake limesimuliwa mara nyingi kama hadithi ya mtu mmoja mwenye imani, na michango midogo ya weusi wa Daytona, waliotoa kazi na senti zao kabla ya tajiri yeyote kufika, husahaulika.

Clark: shule isiyo na jengo

Septima Clark aliajiriwa kwa mara ya kwanza mwaka 1916 katika kisiwa cha Johns, nje ya Charleston, kwa sababu mji wenyewe haukuwaajiri walimu weusi katika shule zake za umma. Yeye na mwenzake mmoja walikuwa na watoto 132 na mshahara wa dola 60 kwa mwezi kwa wote wawili. Ng'ambo ya barabara, mwalimu wa shule ya weupe alikuwa na watoto watatu na mshahara wa dola 85. Takwimu hizo nne zinatosha kwa kipindi cha kwanza.

Alishiriki katika kampeni ya kukusanya saini iliyowafungulia walimu weusi milango ya Charleston mwaka 1920, na mwaka 1945 katika kesi ya Columbia ya kudai mishahara sawa, iliyosimamiwa na wakili Thurgood Marshall. Kisha mwaka 1956 South Carolina ikapiga marufuku watumishi wa umma kuwa wanachama wa chama cha kutetea haki za weusi, NAACP. Clark alikataa kuukana uanachama wake. Alifukuzwa baada ya kufundisha miaka 40, na pensheni ikaondoka. Aliwaandikia walimu weusi 726 akiwaomba wapinge pamoja sheria hiyo. 26 walijibu, 11 wakakubali kwenda kumwona mkurugenzi wa elimu, na siku ilipofika wakatokea watano. Clark hakuwalaumu. Alisema kosa lilikuwa lake, kwamba aliwasukuma watu kwenye jambo ambalo hawakuwa wameandaliwa. Sijapata kusoma, katika maisha ya mwelimishaji yeyote, tathmini ya kushindwa iliyo ya kweli kuliko hii, na kila alilofanya baadaye lilitoka humo.

Alikwenda Highlander, shule ya watu wazima katika milima ya Tennessee, moja ya mahali pachache Kusini ambapo weupe na weusi walikaa meza moja. Rosa Parks alihudhuria mafunzo huko kiangazi cha 1955, miezi michache kabla ya kukataa kumpisha mzungu kiti katika basi la Montgomery. Mwenzake Clark wa kisiwa cha Johns alikuwa Esau Jenkins, dereva wa basi aliyewapeleka watu kazini Charleston kila alfajiri. Abiria mmoja mwanamke alimwomba amfundishe kusoma katiba ya jimbo, kwa sababu sheria ilimtaka mtu aisome sehemu yake ndipo aandikishwe kupiga kura. Jenkins akaanza kufundisha ndani ya basi. Darasa la watu wazima lilikuwa limejaribiwa kisiwani hapo, likafa: wazee waliketishwa kwenye viti vya watoto wadogo, wakaona aibu, wakaacha.

Januari 1957 darasa jipya lilifunguliwa katika chumba cha nyuma cha duka la ushirika, mbele kukiuzwa bidhaa ili weupe wasijue kwamba nyuma kuna shule. Clark hakutafuta mwalimu mwenye cheti. Alimtaka Bernice Robinson, binamu yake, msusi wa Charleston, ambaye alikataa mwanzoni kwa kuwa hajawahi kufundisha. Clark alimtaka kwa sababu hiyo hasa, kwa maana msusi amezoea kuwasikiliza watu, na hategemei mshahara wa serikali inayoweza kumfukuza. Usiku wa kwanza walikuja watu 14. Robinson aliwaambia kwamba yeye si mwalimu, kwamba watajifunza pamoja, kisha akawauliza wanataka kujifunza nini. Walitaka kuandika majina yao. Walitaka kusoma Biblia, kusoma barua za watoto wao walio mbali, na kujaza fomu za kuagiza bidhaa kwa posta. Vitabu vya watoto alivyokuja navyo akaviweka kando. Majina yao yaliandikwa juu ya karatasi ngumu, nao wakayafuatisha kwa kalamu tena na tena hadi mkono ukazoea. Ukutani alitundika Azimio la Ulimwengu la Haki za Binadamu, akisema angependa wawe wanaweza kulisoma darasa litakapofungwa. Katiba ya jimbo ilifuata, sentensi kwa sentensi. Mwanafunzi mmoja, bibi wa miaka 65, aliitwa ubaoni, akalitambua jina lake kati ya majina mengine na kulionyesha.

Darasa liliendelea wakati wa baridi tu, usiku mbili kwa wiki, kwa kuwa huo ndio wakati mkulima hana kazi nyingi shambani. Visiwa jirani vikaomba madarasa yao. Tennessee ilipoifunga Highlander mwaka 1961, mpango ulihamia katika jumuiya ya Martin Luther King, na watu wa majimbo mbalimbali wakawa wanakuja McIntosh, Georgia, kwa mafunzo ya siku chache kisha kurudi kwao kuanzisha madarasa jikoni, vinyozini na chini ya miti. Fannie Lou Hamer, mpigania haki ya kura wa Mississippi, alipitia huko. Clark alikaa katika kamati kuu ya jumuiya hiyo na kusema wazi kwamba wanaume wa kamati hawakuwasikiliza wanawake. Jimbo lake lilimrudishia pensheni mwaka 1976, naye akafariki 1987.

Washington na Bethune waliacha vyuo ambavyo mgeni anaweza kuvitembelea, na Cooper aliacha tasnifu na kitabu. Clark hakuacha jengo. Kwa walio karibu na kisomo cha watu wazima, kile ambacho wazee wetu walikiita ngumbaru, kazi yake inaweza kuigwa kesho yake, bila mfadhili na bila kiwanja, na ndiyo sababu ninamweka mbele ya wenzake. Sababu ya pili ni kwamba aliyaunganisha waliyobishania Washington na Cooper: fomu ya posta na katiba vilikuwa juu ya meza moja, na hakuna aliyeambiwa achague kati ya riziki na haki.

Ugumu wake ni kwamba matukio makubwa ya maisha yake yana watu wengi, na mwanafunzi aliyezoea shujaa mmoja atauliza shujaa yuko wapi. Mwalimu asiharakishe kujibu. Aanze kipindi cha kwanza na mishahara ile na watoto 132, cha pili na barua 726, na cha tatu awaombe wanafunzi waende nyumbani wakamtafute mtu mzima mmoja asiyejua kusoma, wamuulize kwa adabu ni maandishi gani angependa kuyasoma mwenyewe, na waje na jibu limeandikwa kama alivyolisema.